Hotuba Ambayo Baba Hakuisikia

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda sikuisikia. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila Mtanzania wa rika langu ninayekutana naye, awe wa Lindi, Tanga au Iringa, anakumbuka alikuwa wapi redio ilipomtoa Mwalimu akizungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee. Maneno yale watu wanayakariri kama sala: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mimi nilizaliwa karibu na Bunazi, kaskazini ya mto Kagera. Sisi ndio tuliokuwa ile "sababu". Siku hiyo nilikuwa na miaka 9, natembea kwa miguu nyuma ya mama, kichwani nimebeba sufuria lenye ndizi mbichi, na hapakuwa na redio.

Majeshi ya Amin yaliingia kwetu kwa nguvu tarehe 30 Oktoba 1978. Kabla ya hapo mizinga ilikuwa imeshasikika siku kadhaa, na wazee walikuwa wakiambizana kwamba ni mazoezi. Watu walikuwa wamezoea vitisho vya Amin. Mwaka 1972 ndege zake ziliwahi kupiga Bukoba, baada ya wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuvuka mpaka kutoka Tanzania na kushindwa, na mambo yakaishia kwenye mapatano ya Mogadishu. Hata safari hii baba alisema yatapita. Yalipokosa kupita tulijificha kwenye migomba mchana kutwa, kisha usiku tukavuka mto kwa mtumbwi wa mvuvi ambaye baba alimpa mbuzi. Bibi, mama yake baba, alikataa kuondoka. Alisema makaburi ya wazee yako kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, na yeye hawezi kuyaacha peke yake. Baba alimbembeleza kwa Kihaya mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akamwachia kibuyu cha maji na kahawa ya kutafuna, tukaenda.

Tarehe 3 Novemba Waganda walilipua daraja la Kyaka. Amin alikuwa ameshatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, karibu kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa kijiji chetu kilihesabiwa nchi nyingine. Ulikuwa msimu wa senene, panzi wanaoliwa kwetu. Kila nikiwaona senene wakikusanywa chini ya taa pale Bukoba mjini, naikumbuka ile njia ya kutoka mtoni, na jinsi watoto tulivyokuwa tukiwafukuza senene kwenye nyasi kwa sababu ya njaa huku mama akitukemea tusiwe mbali.

Jeshi letu lilipovuka na kukomboa eneo lile mwishoni mwa Novemba, baba alikuwa miongoni mwa waliorudi mapema. Nyumba ilikuwa imechomwa. Ng'ombe 6 hawapo. Bibi hatukumkuta, wala hatukupata mtu wa kutuambia alipolala. Kibuyu kilikuwepo.

Tangu siku ile baba alikuwa na neno moja tu juu ya Mwalimu wa vita. Alisema: "Alichelewa." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja kimo cha mto. Picha ya Mwalimu aliitundika ukutani kwenye nyumba mpya, akailipia kadi ya chama, kazi za kijiji akazifanya. Lakini vita ikitajwa, neno lilikuwa hilo.

Baba mdogo alikuwa na neno lingine. Yeye alikuwa mgambo, akachukuliwa jeshini na maelfu ya wengine waliokusanywa nchi nzima, na akatembea kwa miguu hadi Kampala. Narudia: kwa miguu. Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, kisha kwenye matope ya Lukaya Machi, ambako walikutana na askari wa Libya ambao Gaddafi aliwatuma kumwokoa Amin. Kampala iliingiwa tarehe 11 Aprili. Baba mdogo alirudi amekonda, na mtoto wake wa kwanza akamwita Julius. Kwake, Mwalimu ni mtu aliyekataa kuuza damu ya watu wa mpakani kwa maneno matamu ya mikutano. Alikuwa akisema: "Wakubwa wote wa Afrika walitaka tukae mezani. Mtu amekuingilia chumbani, unakaa naye mezani kula nini?"

Mama hakuwa na neno juu ya vita. Yake yalikuja baadaye, kwenye miaka ya 80, wakati sabuni ilipopotea na tukawa tunafulia majani ya mpapai. Mwalimu alikuwa ameomba nchi ifunge mkanda kwa miezi 18. Mama aliihesabu miezi hiyo. Ilipopita 18 akaendelea kuhesabu, kimya kimya, na alipofika 30 na kitu akaacha.

Nimekulia kati ya watu hawa watatu, nyumba moja, mezani pamoja, na wote walimpenda Mwalimu. Nataka hilo lieleweke. Si kwamba mmoja alikuwa mpinzani na mwingine kada. Walimpenda mtu yule yule, na kila mmoja alikuwa na kipimo chake kwa sababu alikuwa amesimama mahali pake.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kwa miaka kadhaa nilifundisha vita ya Kagera kwa namna ambayo sasa inaniumiza. Nilikuwa naandika ubaoni sababu, matukio na matokeo, nawasimulia wanafunzi hotuba ile kwa sauti ya kuigiza, darasa linapiga makofi, kipindi kinaisha. Mimi, mtoto wa mpakani, nilifundisha vita hiyo kama mtu wa Dar es Salaam aliyeisikia redioni. Siku moja binti mmoja kutoka upande wa Kakunyu, kwetu mpakani, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama uwezo tulikuwa nao, mbona walifika kwetu?"

Nilimjibu jibu la kwenye daftari, kwamba tulivamiwa ghafla. Binti akakaa. Uso wake ulionyesha kwamba jibu hilo alikuwa ameshalisikia kwao na halikumtosha. Mimi pia halikunitosha. Swali lake lilikuwa ni neno la baba, limetoka kwenye kinywa cha mtoto ambaye hajawahi kumwona baba.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuuliza watu. Sikuwa na utaratibu wowote wa kitaalamu. Nilikuwa na daftari tu, na swali langu la kwanza kwa kila mtu likawa: siku ile ulikuwa wapi? Sikuanza na unamwonaje Mwalimu. Nilikuja kugundua kwamba mtu akikueleza kwanza alikuwa amesimama wapi, hukumu yake juu ya Mwalimu inajitokeza yenyewe, tena inakuwa na uzito.

Safari iliyonibadilisha zaidi ilikuwa ya Masaka, mwaka 1996. Kutoka kwetu si mbali, unavuka Mutukula asubuhi na jua la mchana linakukuta mjini. Nilifikia kwa jjajja (bibi, kwa Kiganda) mmoja maeneo ya Nyendo, mama mkwe wa rafiki yangu. Alipojua ninatoka Tanzania alishika mikono yangu miwili akasema "Abakombozi!" Neno hilo Waganda walilichukua kwenye Kiswahili chetu, wakombozi, wakalivalisha Kiganda. Alinisimulia jinsi vijana wa Kitanzania walivyoingia, wembamba, miguu imevimba, na jinsi watu walivyowapa ndizi na maziwa. Alikuwa anacheka huku machozi yanatoka.

Kesho yake akanitembeza mjini. Kulikuwa bado na majengo yamebaki kuta tu, miti imeota ndani. Nikamuuliza haya ni ya vita gani, nikidhani ni ya miaka ya baadaye. Akanitazama kidogo. "Ya wakombozi," akasema. Mizinga yetu iliipiga Masaka, na baadaye majengo mengine yakavunjwa kwa kisasi cha yale tuliyofanyiwa Kagera. Jjajja hakuwa amesahau makofi aliyowapigia wale vijana, wala hakuwa amesahau duka la kaka yake. Nilijikuta nikimwomba radhi. Akasema nisimwombe, nikamwombee.

Kisha akaniambia jambo ambalo Waganda wengi wa rika lake husema na ambalo kwetu husikii: kwamba Mwalimu alimwondoa Amin vizuri, lakini akawarudishia Obote. Wao waliona hivi. Machi 1979 Waganda walikutana Moshi, wakamchagua Yusuf Lule. Lule akakaa madarakani siku 68 tu, akaondolewa, na watu wa Kampala wakaandamana kumtaka arudi, huku jeshi letu likiwa ndilo lenye bunduki mjini. Akaja Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 uchaguzi ukafanyika, Obote akatangazwa mshindi, na wiki chache baadaye Museveni akaingia msituni. Kwa jjajja yule, miaka iliyofuata ya vita ya msituni kule Luweero ilikuwa na alama ya kidole cha Mwalimu. Nilimbishia. Nikamwambia Waganda walipigana wenyewe kwa wenyewe. Akasema: "Mwanangu, aliyekaa Msasani pale Dar es Salaam miaka 8 akilishwa na Nyerere ni nani? Ni Lule?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Obote alipopinduliwa Januari 1971 akiwa Singapore, ni Mwalimu aliyempokea, na ni Mwalimu aliyekataa kabisa kumtambua Amin. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walipokwenda kukutana Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti wao, Mwalimu hakwenda. Nikitazama kutoka Tanzania, huo ni msimamo wa mtu mwenye dhamira. Nikitazama kutoka Masaka, ni mtu aliyekuwa na mgombea wake tangu mwanzo. Usiku ule kwa jjajja sikulala vizuri. Nilikuwa nimezoea kwamba Mwalimu hukosolewa na watu wasiompenda. Huyu mama alikuwa anampenda.

Niliporudi nilimkabili baba mdogo kuhusu majengo ya Masaka. Alikaa kimya muda mrefu, akitafuna kahawa. Ndipo akaniambia ya Mutukula, ambayo hakuwahi kuyasema. Kwamba walipofika pale, vijana wengi walikuwa wametoka kuona miili kwenye migomba ya Kagera, na hasira ilikuwa juu kuliko amri. Nyumba zilisawazishwa. Wazee wasioweza kukimbia waliuawa. Kisha likaja neno kutoka juu kabisa kwamba Mwalimu amekasirika, na kwamba raia wa Uganda asiguswe. "Baada ya hapo tulikuwa jeshi jingine," alisema. Baadaye sana niliyakuta hayo yameandikwa na Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam na waliofuatana na jeshi letu mpaka Uganda. Baba mdogo hajawahi kukisoma kitabu chao. Maelezo yao na yake yanalingana.

Na hapo ndipo nilipoanza kuwasoma wanahistoria kwa macho mengine. Nilipata nafasi ya kwenda kusoma tena chuoni, nikiwa mtu mzima, na nikakaa maktaba nikilitafuta jibu la yule binti wa Kakunyu.

Kwa wasomi wa sheria za kimataifa, vita yetu ni mfano wa darasani. Huitaja pamoja na India ilipoingia Pakistan ya Mashariki mwaka 1971, na Vietnam ilipomwondoa Pol Pot wa Kambodia mwanzoni mwa 1979. Wanajadili kama nchi ina haki ya kuvuka mpaka kuwaokoa watu wa jirani na mtawala wao. Kinachonigusa ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakudai hivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba zilikuwa vita mbili: Watanzania wakimwadhibu mvamizi, na Waganda wakimpindua dikteta wao, na kwamba vita hizo zilikutana njiani. Mwanasheria anaweza kuuona huo kuwa ujanja wa maneno. Mimi naona mtu aliyejua kwamba akisema waziwazi "tumemwondoa rais wa nchi nyingine", ameufungua mlango ambao wengine, wasio na sababu kama yake, watapita.

Na wakuu wenzake ndivyo walivyomshambulia. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimsema mbele ya wote kwamba amevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Wanafunzi wangu huwa wanashangaa: Amin ameua watu wake kwa miaka 8, ametangaza kipande cha Tanzania kuwa chake, na anayelaumiwa ni Nyerere? Huwa nawaambia wamtazame Obasanjo alikuwa amesimama wapi. Mwaka 1968 Mwalimu aliitambua Biafra, nchi ya kwanza kufanya hivyo, wakati Nigeria ikipigana isikatike vipande. Januari 1970 ni Obasanjo, akiwa kamanda, aliyepokea kusalimu amri kwa Biafra. Mtu wa namna hiyo, akisikia Nyerere amevuka mpaka, anasikia kengele yake mwenyewe. Sisemi alikuwa sahihi. Naamini alikosea, tena vibaya, na kwamba ukimya wa Afrika juu ya Amin ni aibu ambayo haijafutika. Lakini kosa lake sasa nalielewa lilipotoka.

Msumbiji ya Samora Machel, kwa upande mwingine, ilituma kikosi. Baba mdogo aliwakuta njiani. Alisema Wamakonde wa pande mbili za Ruvuma walikuwa wakisalimiana kama ndugu waliopotezana.

Mwanahistoria George Roberts, aliyeandika mwaka 2014, alifukua makaratasi ya wanadiplomasia na kuieleza vita hii kama kushindwa kwa diplomasia ya Afrika. Unaposoma kazi ya namna hiyo unamwona Mwalimu ambaye redio haikumtoa: anayehesabu nani atamuunga mkono, anayekasirika, anayewasukuma Waganda wenye makundi yasiyopatana wakae pamoja kabla Kampala haijaanguka ili isionekane kwamba Tanzania ndiyo inayoweka serikali. Kwa siku mbili tatu nilihuzunika, kana kwamba nimemkuta mzee wangu akihesabu hela chumbani. Kisha huzuni ikaisha. Nilitaka mtu asiyehesabu aongoze vita?

Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyefundisha Makerere na akaondoka Uganda wakati wa Amin, alikuwa amewahi kubuni jina la ule ugonjwa wa wasomi wa nje kuipenda Tanzania kupita kiasi, akauita Tanzaphilia. Ujamaa aliuhesabu kuwa kushindwa kwa kishujaa. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka mama na majani ya mpapai. Wachumi hutaja gharama ya vita kuwa karibu dola milioni 500, kwa nchi ambayo kahawa yake ilikuwa imeshashuka bei, mafuta yamepanda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika mwaka 1977. Wanabishana mpaka leo: uchumi uliangushwa na vita, au na siasa za vijiji vya ujamaa zilizotangulia, au na dunia? Mama angewaambia kwamba sabuni haikuwa na lebo ya kueleza imepotea kwa sababu ipi. Kwetu mpakani ilitujia pia kwa sura ya magendo: kahawa ya Kagera inavuka usiku kwenda Uganda, sukari na nguo zinarudi, na njia wanazopita ni zile zile tulizokimbilia sisi.

Kwa wanaotaka kumsoma Mwalimu mzima, Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wake wa juzuu 3 mwaka 2020. Ni Watanzania, wamekaa naye maisha yao yote, wamebishana naye akiwa hai. Nimeusoma wote, polepole, na nilichokithamini ni kwamba hawakuogopa kuweka sifa na lawama kwenye ukurasa mmoja. Sisi walimu wa sekondari ndilo jambo tuliloshindwa. Tunadhani kijana akisikia kwamba Baba wa Taifa alikosea jambo, ataacha kuipenda nchi. Nimefundisha kwa njia zote mbili. Vijana niliowaficha hawakumbuki chochote ila makofi. Wale niliowaambia ya Mutukula na ya Masaka wananipigia simu hadi leo kuniuliza maswali.

Jibu la binti wa Kakunyu nalo nililipata, kwa kadiri linavyopatikana. Uwezo tulikuwa nao, lakini haukuwa kwetu. Jeshi kubwa lilikuwa mbali, kona yetu ya kaskazini magharibi ilikuwa na askari wachache, na taarifa za mapema za mpakani hazikupewa uzito uliostahili. Ilibidi watu na mizinga visafirishwe nchi nzima, kwa reli, kwa meli ziwani, kwa mabasi na malori yaliyokamatwa barabarani. Tangu Mwalimu aseme mpaka jeshi likae sawa kuvuka mto zilipita wiki. Ukiwa Dar es Salaam wiki tatu za kukusanya jeshi la namna ile ni ajabu ya mpango. Ukiwa kwenye migomba karibu na Bunazi ni wiki tatu.

Avirgan na Honey waliandika kwamba raia karibu 1,500 waliuawa kwenye eneo letu. Waliandika pia kwamba askari wa Tanzania waliokufa vita nzima walikuwa 373, na kwamba 96 tu kati yao ndio waliouawa mapiganoni, wengine wakifa kwa ajali na mengineyo. Zamani nilikuwa nikizipitia namba hizi haraka. Siku hizi nawasimamisha wanafunzi hapo. Nawaomba waziweke kando kwa kando, raia na askari, waziangalie. Darasa huwa linanyamaza lenyewe. Baadhi ya wale askari wamezikwa Kaboya, kule Muleba, makaburi yamepangwa safi, na viongozi huenda kuweka silaha za jadi na maua. Raia wetu hawana safu. Wako kwenye vibanja, na wengine, kama bibi, hatujui walipo.

Nasema haya na bado, nikiulizwa, nasema Mwalimu alifanya sawa kupigana na alifanya sawa kuendelea mpaka Kampala. Nimelifikiria hili miaka mingi na sijabadilika. Amin angebaki, tungevuka mtumbwi tena. Lakini nasema hivyo nikijua ninasema kama mtoto wa Bunazi, na kwamba jjajja wa Nyendo ana haki ya kunitajia duka la kaka yake kila nikilisema.

Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nilikwenda nyumbani kwa baba. Mtu wa "alichelewa" nilimkuta amekaa chini, nje, kwenye nyasi walizotandaza wanawake kama ilivyo desturi ya msibani. Alikuwa analia bila kujificha. Majirani walikuja kumpa pole yeye, kana kwamba kafiwa na kaka. Nilitaka kumuuliza limekwenda wapi lile neno lake. Namshukuru Mungu sikuuliza.

Miaka kama 10 baadaye, baba akiwa amezeeka na macho yameanza kufifia, nilikuwa na hotuba ile kwenye simu yangu. Ndipo nilipogundua kwamba hajawahi kuisikia. Vipande vya redioni kwenye sikukuu, ndiyo, lakini yote, hapana. Hakuwahi kuiomba na hakuna aliyefikiria kumchezea. Nikamwekea simu karibu na sikio, tumekaa barazani, jioni. Aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwalimu alipofika kwenye uwezo, sababu na nia, baba hakutikisika.

Ilipokwisha akauliza: "Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Tarehe 2, tata. Novemba."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Usiku wa mtumbwi. Asubuhi ya Kyaka ng'ambo. Siku ya kutembea. Akasimama kwenye kidole cha tatu na kukishika.

"Mama alikuwa bado yupo," akasema. "Ana maji yake." Kisha akanirudishia simu. "Rudisha nyuma kidogo. Pale aliposema sababu."